Panyabuku Aliyemfukuza Bundi

Muhanga alipofungua kampuni yake kwenye vilima vya upande wa Salamabila, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, hakuna mnyama wa bonde la Luama aliyeuliza anachimba nini. Muhanga huchimba, ndiyo asili yake. Hutoka usiku, hutoboa ardhi mpaka alfajiri, na akishapata alichokitaka huhamia kilima kingine, mashimo akiwaachia wanaotaka kuishi humo. Wanadamu nao wamechimba vilima hivyohivyo: mgodi wa dhahabu wa Namoya ulitangazwa kuanza uzalishaji wa kibiashara mwanzoni mwa 2016, na kabla 2019 haijaisha kazi ilikuwa imesimama, katikati ya mashambulizi na utekaji wa wafanyakazi. Lakini hadithi hii si yao. Ni ya Panyabuku, mnunuzi mkuu wa Muhanga, aliyewalisha vibarua wa kampuni kwa mpunga wa Kabambare.

Panyabuku ana mashavu. Yeyote aliyewahi kumwona akitoka shamba la karanga anajua: ndani ya kila shavu pana mfuko, na mifuko ikijaa, kichwa hushindana na kiwiliwili. Labda ndiyo sababu kampuni ilimwona anafaa kushika ununuzi. Alikuwa na kofia, alikuwa na daftari la mistari myekundu, na kila jioni kabla ya kulala alifunga hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Katika hilo tumpe haki yake. Bonde zima halikuwa na mwingine aliyefunga hesabu jioni ileile badala ya kungoja agombane na mtu kwanza.

Muhanga alihama bila kuaga. Panyabuku alipewa malipo ya miezi miwili na barua ya shukrani, akarudi nyumbani, akaitundika kofia. Mke wake akamshauri afungue duka Kasongo, auze sabuni na chumvi kama wenzake. Yeye akasema amechoka kutafuta faida. Sasa anataka kurudisha kwa jamii.

Habari ilishuka bondeni mpaka ikamkuta Mama Kobe akipeta mpunga.

"Kurudisha?" akauliza. "Kwani alichukua nini?"

Waliokuwepo wakacheka. Mama Kobe hakucheka, maana alikuwa ameuliza kweli.

Ghala la akina mama lilikuwa Kasongo, kwenye mwisho wa soko. Mpunga Maniema si mgeni wa juzi. Waungwana waliofuatana na misafara ya Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, waliulima kuzunguka Kasongo na Nyangwe, na wajukuu zao bado wanaula. Shida ya mpunga ni kwamba hukomaa kwa wote mara moja. Mwezi wa kuvuna kila nyumba inauza, kwa sababu kila nyumba ina deni, bei inalala chini, na wenye fedha wananunua. Miezi ikipita, mbegu inapotafutwa, yule aliyeuza anarudi kwa mnunuzi wake kununua mpunga uleule kwa bei iliyokwisha kuamka. Ghala lilijengwa kuzuia hilo tu. Mama analeta magunia, anapewa mkopo mdogo wa kumaliza shida ya leo, magunia yanangoja bei.

Waliogharimia ghala walikuwa mbayuwayu. Hao hutoka Ulaya, huja na mvua za Novemba na huondoka Machi. Hula wakiruka, hunywa wakiruka, na mikutano yao hufanyika hewani. Anayetaka kusikika apaze sauti. Mwaka wao wa fedha ulifungwa Machi, wiki zilezile magunia yanapoingia ghalani na mkopo unapohitajika. Mama Kobe alishawaeleza jambo hilo mara nyingi, lakini kobe hana sauti ya kufika huko juu. Sauti ilikuwa ya Kasuku, karani, aliyejua lugha ya mbayuwayu na aliyekwisha kugundua kwamba wanafurahi zaidi wakirudishiwa maneno yao wenyewe.

Mbayuwayu walikuwa wakitafuta meneja mwenye akili ya biashara. Walimwuliza Panyabuku angefanya nini siku mia za kwanza, naye akajibu kwa meza tatu za tarakimu. Walimwajiri kabla hawajamaliza mzunguko juu ya mwembe. Mshahara ulikuwa nusu ya ule wa Muhanga. Aliusema mara kwa mara, ule nusu, mpaka jirani zake wakamwelewa kwamba ni aina ya cheo.

Tusimdhulumu: wiki za kwanza alifanya kazi. Aligundua kwamba ghala lina makopo manne ya kupimia na hakuna mawili yanayolingana. Aligundua kwamba magunia ya Nungunungu yameandikwa mara mbili, mara moja kwa jina lake na mara moja kwa jina la mkewe. Alipanga magunia juu ya vigogo yasiguse sakafu. Jioni alifunga hesabu, na asubuhi mama yeyote aliyetaka kujua ana kiasi gani aliambiwa papo hapo. Mashirika mangapi ya watu wema yanakufa kwa kukosa hayo tu! Nia njema wanayo tele, na hakuna ajuaye kilichobaki.

Kisha akafika kwenye safu ya matumizi, akamkuta Bundi.

Bundi alikuwa mlinzi. Malipo yake yalikuwa kipande cha nyama, mafuta ya mawese kidogo ya taa, na nafasi yake darini. Panyabuku alipita darini asubuhi, akamkuta amelala. Akapita adhuhuri, amelala. Akapita alasiri, akaandika: "Mlinzi hulala saa zote za kazi." Akafungua kumbukumbu za wizi. Hapakuwa na wizi wowote mwaka mzima. Akaandika chini yake: "Hakuna wizi, hivyo hakuna haja ya mlinzi."

Akina mama hawakupinga sana. Bundi ni ndege wa nuksi, akilia juu ya paa watu hutafuta mganga. Panyabuku alisisitiza kwamba uamuzi wake hauhusiani na ushirikina, ni hesabu tupu. Nadhani aliamini. Bonde zima liliona panya akimfukuza bundi na likaelewa mara moja. Aliyebaki bila kuelewa ni panya mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na jedwali.

Bundi aliitwa jioni, akashuka akipepesa macho.

"Umefunga hesabu, Papa Panyabuku?"

"Nimefunga."

"Na mimi niko safu gani?"

"Matumizi."

Bundi akaruka kuelekea Kabambare bila kusema zaidi. Kasuku akawaandikia mbayuwayu kwamba gharama za ulinzi zimeondolewa kabisa bila kuathiri usalama, nao wakapiga mzunguko wa furaha.

Siku chache baadaye wakaja wageni: panya wadogo, jamaa wa upande wa mama. "Jambo, mjomba." Walikuja kumpongeza kwa kazi mpya. Walilala ghalani kwa sababu nyumbani kwake palikuwa padogo. Wakaleta wenzao.

Panyabuku alifunga hesabu kama kawaida, na hapo ndipo tabia yake njema ilipoanza kumtesa. Kilichoingia ukitoa kilichotoka hakikulingana na kilichobaki. Akahesabu upya. Jioni ya pili pengo lilikuwa kubwa zaidi. Kwa Muhanga angejua la kufanya: angeandika neno "upotevu", na Muhanga mwenyewe, ambaye hatoki mchana kwa mchezo, angetoka shimoni jua likiwa utosini kuuliza nani. Hasara ya kampuni ina mwenyewe, na mwenyewe ana makucha.

Akachukua fomu ya mbayuwayu atafute pa kuandika. Palikuwa na nafasi ya walionufaika, walionufaika wanawake, semina zilizofanyika, na hadithi moja ya mafanikio pamoja na picha. Upotevu haukuwa na mstari. Mbayuwayu walitoa fedha lakini mpunga haukuwa wao. Mpunga ulikuwa wa akina mama, na fomu haikuwa yao. Mwenye kulipa hakuwa na njaa, na mwenye njaa hakuwa na mahali pa kutia sahihi. Katika biashara mteja aliyeudhika huvuka barabara akaenda duka la pili. Hapa mteja aliyeudhika aliorodheshwa, akapigwa picha, akaambiwa ashukuru.

Alikaa na jambo hilo kichwani mpaka Mama Kobe alipoitisha kikao chini ya mwembe.

Mama Kobe ni wa siku nyingi. Aliona pembe za ndovu zikipita mabegani mwa watumwa. Aliona askari wa Wabelgiji wakiingia Kasongo Aprili 1893. Aliona pamba ya lazima, iliyoanza Maniema miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkulima akiambiwa alime nini, amwuzie nani na kwa bei gani. Kila mgeni alikuja na mizani yake, na kazi ya wenyeji ilikuwa kubeba mzigo mpaka kwenye mizani. Aliwaona vilevile, miaka ya 1970, madaktari waliotumwa na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, na hao aliwataja kwa heshima. Waliwachanja watoto dhidi ya surua, kisha wakafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: badala ya kuhesabu sindano wakahesabu watoto waliobaki hai. Majibu waliyoyapata hayakuwa matamu kama yalivyotarajiwa. Waliyachapisha hivyohivyo mwaka 1981 katika jarida la Lancet, na wataalamu wakabishana nayo kwa miaka.

"Wale walihesabu waliobaki," Mama Kobe akasema. "Wewe Papa, unahesabu walioandikwa."

Panyabuku akasimama, akavua kofia. Akasema ana mpango mkakati wa miaka mitano.

"Kaa nao. Sisi hatukuuliza mpango. Tunataka utufundishe ulivyokuwa ukitununua."

Pakawa kimya. Kanga akaacha kukwaruza ardhi. Panyabuku akatazama juu, mbayuwayu hawakuwepo. Akaanza polepole, halafu ulimi ukalegea, kwa maana kila fundi hupenda kueleza ufundi wake, hata mbele ya aliyeumizwa nao.

"Kwanza, hatukuja siku ya soko. Siku ya soko mnasemezana bei. Tulikuja siku tatu kabla ya ada ya watoto kudaiwa, nyumba kwa nyumba.

"Pili, Kima alitangulia na baiskeli. Alipita vijijini akisema bei imeanguka Kasongo. Alilipwa kwa kusema. Kasongo kwenyewe alikuwa hajafika.

"Tatu, kopo. Kopo la kununulia lilipigwa nyundo kwa ndani mpaka kitako kikavimba nje. Lile la kantini, la kuwapimia vibarua, lilipigwa kwa nje mpaka kitako kikaingia. Halafu la kununulia tulilijaza kwa kilele, la kantini tukalikata kwa kijiti.

"Nne, maji. Nilichukua punje moja nikaitafuna, nikatikisa kichwa, nikasema mpunga haujakauka. Kila gunia la kumi likawa la bure."

"Na kweli ulikuwa haujakauka?" Kanga akauliza.

"Sikuwahi kuonja chochote. Nilikuwa nikitafuna tu."

Aliwaambia pia juu ya mpunga ulionunuliwa ungali kijani shambani, kwa chumvi na sabuni iliyokopeshwa mwezi wa njaa. Hilo walilijua, lakini hawakujua kwamba lilikuwa na ukurasa wake daftarini, kwamba kuna mtu alilipanga mapema kwa majina ya nyumba na idadi ya watoto.

"Na mlikuwa mnaogopa nini?" Mama Kobe akauliza.

Panyabuku akasita. Hili hakuwahi kulitamka mbele ya mtu.

"Tuliogopa mseme mnangoja. Akiba ya kantini haikuwahi kuzidi wiki mbili. Mngekaa wiki tatu bila kuuza, Muhanga angepandisha bei kwa mkono wake."

"Miaka yote hiyo ulijua?"

"Ndiyo kazi niliyolipwa, Mama."

Nungunungu alisimamisha miiba yote. Kama si Mama Kobe kutambaa katikati yao, ghala lingepoteza meneja siku hiyo. Na mimi husikia watu waliotoka kwenye makampuni wakieleza watakayowaletea maskini: uongozi, ubunifu, tija. Sijasikia bado anayesema anajua akiba ya kantini ilikuwa wiki ngapi. Hicho ndicho kitu cha thamani alichotoka nacho, na ndicho anachoona haya kukifungua.

"Fungua na mashavu basi," Kanga akasema.

"Mashavu?"

"Tangu uje tunayatazama."

Alifungua. Shavu la kushoto halikuwa na kitu. Kutoka la kulia zilidondoka punje chache za mpunga, ambazo aliapa ni mazoea tu, na kikaratasi kilicholowa, kimekunjwa mara nne. Kanga akakikunjua kwa mdomo. Ilikuwa stakabadhi ya kampuni ya Muhanga, ya magunia ya Mama Kobe, yenye bei ambayo kampuni ilimpa mnunuzi wake alipe. Bei ambayo Mama Kobe alilipwa haikuwa hiyo.

Mama Kobe akaisoma, kisha akamrudishia. "Iandike daftarini," akasema. "Upande wangu. Utalipa kidogokidogo."

Walipanga upya mambo siku hiyo. Kopo liwe moja, na kitako chake kitazamwe mbele ya watu. Mlango uwe na makufuli matatu, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja. Wanadamu wanaijua hila hiyo kwenye masanduku ya vikundi vya akiba, vile ambavyo shirika la CARE lilivianzisha na wanawake wa Niger mwaka 1991 na ambavyo sasa vimeenea Afrika. Na kila siku ya soko, kabla ya kikao kuanza, meneja afungue mashavu. Panyabuku alilalamika kwamba kwenye kampuni hakuna aliyewahi kumdai hivyo. Wakamjibu kwamba ndiyo maana.

Mavuno yaliyofuata hayakuwa ya kuimbiwa. Wachuuzi walikuja siku tatu kabla ya ada, Kima akiwa mbele yao na habari za Kasongo, na safari hii akina mama wakamwuliza Kima alilala nyumba ya nani huko. Waliongoja walipata bei nzuri. Lakini si wote waliongoja. Mwenye mtoto mgonjwa haulizi akiba ya kantini ni wiki ngapi, na mkopo wa ghala ulikuwa umekwama, kwa sababu ni Machi na mbayuwayu wanafunga vitabu.

Hapo Panyabuku alitumia ufundi wake wa pili, wa kuuza. Alimwambia Kasuku awaarifu mbayuwayu kwamba ile hadithi ya mafanikio ipo, na picha yake ni nzuri ajabu, ila inaonekana tu kutoka chini, ndani ya ghala, baada ya magunia yote kuingia. Walibishana siku mbili hewani. Mwishowe mmoja akatua kwenye waya, akachungulia, akauliza kwa nini baadhi ya vigogo havina magunia. Mama Kobe akamweleza mwenyewe, kwa sauti yake ya kawaida, kwa kuwa umbali uliruhusu. Mwaka wa fedha ukasogezwa hadi Juni. Kwenye karatasi zao waliuita uvumbuzi.

Yaliyobaki ni ya Bundi. Ujumbe wa kwanza haukufika: kwenye njia ya Kabambare siafu wameweka vizuizi, na kila kizuizi kilitaka kitu, mpaka mjumbe akarudi bila barua na bila viatu. Wa pili ulifika, Bundi akajibu kwamba ana kazi. Panya wadogo wakati huo walikuwa wamenenepa, wengine wameolea humohumo ghalani. Baada ya ujumbe wa tatu alikuja mwenyewe, jua limezama, akatua juu ya mlango wenye makufuli matatu, na mkataba ameuandika tayari.

Kifungu cha kwanza kilidai malipo ya miezi yote aliyokuwa amefukuzwa. Cha pili kilisema usingizi wa mchana ni sehemu ya kazi. Cha tatu kilisema wageni wa meneja, hata wakiwa ndugu wa damu, wapokelewe mchana na waondoke mchana. Cha nne kilisema meneja mwenyewe asikutwe ghalani usiku, na akikutwa mlinzi hatawajibika.

Panyabuku alisoma cha nne mara mbili. "Hatawajibika maana yake nini, Mzee?"

"Maana yake hutaandikwa safu yoyote."

Panyabuku akatia sahihi, mkono ukimtetemeka, akaanza kukusanya daftari lake na kofia. Kasuku akasogea na kalamu, akauliza aliandikeje hilo kwa mbayuwayu, maana kwenye fomu hakuna mstari wake.

"Andika nimerudi," Bundi akasema, shingo ikizunguka taratibu kuelekea ndani ya ghala. "Na uandike sijala tangu jana."